Goma: Nilivyojifunza kuagiza picha kwa maneno, na mama aliyekuja kuuliza mtoto wake



Kwa wiki nyingi vijana wamekuwa wakinitumia ujumbe wa sauti wakiuliza jambo moja. Wamesikia kwamba ukiandika maneno kwenye simu, mashine ya akili bandia inakutengenezea picha. Wamejaribu, lakini zilizotoka hazikuwapendeza. Mmoja ni fundi cherehani, anataka picha ya tangazo lake. Mwingine anaimba kwaya, wanatayarisha tamasha. Wengine wawili wanasema kwamba tangu walipoacha mashamba yao wanatafuta kazi yoyote inayoweza kufanywa kwa simu. Wote wanauliza: "Kaka, tuandike namna gani ili itoke vizuri?"

Nitawajibu, sababu mimi mwenyewe nimelipia somo hili kwa mega nyingi. Lakini kuna mama mmoja aliyefika kwenye lango la redio akiwa na picha niliyoitengeneza mimi. Siwezi kuwafundisha kuandika bila kuwasimulia habari yake.

Tulivyoanza

Ilikuwa katikati ya mwaka 2024. Tangu mwezi wa pili mwaka ule, vita vilipokaribia Sake, watu wengi sana walikuwa wamemiminika upande wa magharibi wa mji wetu: Mugunga, Lushagala, Bulengo. Upande wa kaskazini, Kanyaruchinya, wengine walikuwa wanaishi tangu 2022. Kazi yangu ilikuwa kwenda kambini na kinasa sauti, kusikiliza, kurudi na kutayarisha kipindi. Kwenye redio sauti inatosha. Lakini habari ikiandikwa na kutumwa kwenye simu za watu bila picha, wengi wanaipita.

Na wapo watu ambao hatuwapigi picha. Mwanamke aliyetendewa maovu alipokwenda kutafuta kuni, kijana aliyekataa kushika bunduki akatoroka, mtoto aliyeona kifo cha baba yake: hao wote majina yao hatuyataji na nyuso zao hatuzionyeshi. Hilo nilifundishwa siku za kwanza za kozi ya uandishi wa habari. Kwa hiyo picha zetu zikawa zilezile kila wiki: miguu, mikono, sufuria, mgongo wa mtu. Ndipo mwenzangu mmoja wa studio akaniambia, "Kwa nini usiombe mashine ikuchoree mtu ambaye hayupo? Huyo hakuna atakayemtambua."

Niliona ni wazo jema. Nikachukua programu moja ya bure, nikaandika kwa Kiswahili: mama mkimbizi kambini.

Ilinipa mwanamke mrembo amesimama juu ya mchanga mwekundu, jua linazama, nyuma yake hema kubwa za rangi ya kahawia na ngamia wawili.

Sisi hatuna mchanga mwekundu wala ngamia. Tunakanyaga mawe meusi ya Nyiragongo, volkeno iliyoingia mjini 2002 na kufika tena pembezoni mwa mji 2021. Nyumba zetu nyingi ni za mbao. Kambini hapakuwa na hema kubwa. Palikuwa na vibanda vya miti iliyopindwa, vimefunikwa turubai nyeupe, zile tunazoita bashi, vifupi kiasi kwamba mtu mzima aliingia kwa kuinama. Asubuhi kulikuwa na baridi, na mvua ikinyesha maji yalipita chini ya mkeka. Mashine haikujua lolote kati ya hayo.

Kwa nini mashine haitujui

Niliuliza, nikasoma, nikaelewa hivi. Mashine hizi zimefundishwa kwa picha zilizookotwa kwenye intaneti, kila picha pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake. Mkusanyo mmoja mashuhuri, LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maneno. Zaidi ya bilioni 2 kati ya hizo zina maneno ya Kiingereza, na lugha nyingine zaidi ya 100 zinagawana sehemu ya zilizobaki. Kwa hiyo mashine inajua kile ambacho watu walikipiga picha, wakakiandikia maneno, wakakiweka kwenye intaneti. Nani aliwahi kupiga picha Lushagala na kuandika chini yake kwa Kiswahili chetu? Wachache sana. Lakini jangwa, hema na jua linalozama vimeandikiwa neno Afrika mara nyingi mno.

Mchoro wenyewe unaanza na vurugu tupu, kama chenga za televisheni isiyoshika kituo. Sisi wa redio tunaweza kusema ni kama ule mkwaruzo ulio kati ya stesheni mbili. Mashine inapunguza mkwaruzo kidogo kidogo, hatua kwa hatua, ikiongozwa na maneno yako, hadi kitu kionekane. Ukiipa maneno machache, kilichobaki inakijaza kwa yale iliyoyaona mara nyingi. Ngamia wale hakuna aliyewaomba. Walijaza nafasi niliyoiacha wazi.

Namna ya kuandika

Haya ndiyo niliyoyapata kwa kujaribu, na yanamfaa hata fundi cherehani.

Kwanza, andika kinachoonekana kwa macho. "Mkimbizi", "mateso", "umaskini", "matumaini" ni maneno ya ripoti. Mashine ikiyapata inaleta uso unaolia. Mimi nilifuta neno mkimbizi, nikaandika: mwanamke wa miaka 40 hivi, amevaa kikwembe cha buluu kilichopauka na sweta nzito, amechutama mbele ya mbabula, anapuliza makala. Hapo ndipo akatokea mtu anayefanana na watu ninaowajua.

Pili, taja ardhi, hali ya hewa na saa. Neno "kambi" peke yake halitoshi. Niliandika mawe meusi ya volkeno yenye ncha, matope kati ya mawe, ukungu wa asubuhi, mawingu mazito. Ardhi ilipobadilika, picha nzima ilihama jangwani ikaja kwetu.

Tatu, kitu ambacho mashine haijui jina lake, kieleze kwa umbo. Niliandika "chukudu" nikapata pikipiki. Nikarudia, nikapata mnyama kama mbuzi. Kisha nikaeleza: chombo cha mbao chenye magurudumu mawili madogo ya mbao, ubao mrefu wa kubebea mizigo, usukani mpana wa mbao, hakina kiti wala pedali, mwanaume ameweka goti moja juu ya ubao na anasukuma kwa mguu mwingine. Hapo ilikaribia. Fundi wa chukudu angecheka akiiona, lakini angalau angejua tulitaka kusema nini.

Nne, usitaje usichokitaka. Niliandika "bila askari", na askari watatu wakasimama nyuma ya mama. Mashine nyingi zinashika neno "askari" na kuangusha neno "bila". Programu nyingine zina kisanduku cha pembeni cha kuandika vitu unavyovikataa. Kama yako haina, jaza nafasi kwa unachokitaka: nyuma yake wanawake wawili wanabeba bidoni za njano, nyuma zaidi kuna mlima.

Tano, sema picha inatazamwa kutoka wapi na ni ya namna gani: karibu au mbali, kutoka mbele au upande, picha ya kamera, mchoro wa kalamu au rangi za maji. Jambo hili nitalirudia, sababu hapo ndipo nilipokosea.

Sita, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha maneno yote, huwezi kujua ni lipi limesaidia. Mimi nina daftari. Naandika maelezo ya kwanza, kisha chini yake ya pili, na kando naandika kilichotoka.

Saba, usiombe maandishi ndani ya picha. Jina la redio yetu lilitoka kama herufi za majini. Programu mpya zinafanya vizuri zaidi, lakini jina la duka lako na namba ya simu ni heri uziweke mwenyewe baadaye, usije ukapotezewa tarakimu moja.

Na lugha? Nilijaribu maelezo yaleyale kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Ya Kifaransa yalitoa picha iliyo karibu zaidi na nilichotaka. Sikufurahi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sasa naandika kwanza kwa Kiswahili, sababu ndiyo lugha ninayoonea vitu, kisha natafsiri.

Kuna faida moja sikuitarajia. Ili kuandika hivyo, nilipaswa kutazama. Nilipokwenda kambini nilianza kuangalia kamba ya turubai imefungwa kwa nini, mtoto anavaa viatu vya nani, moshi unatokea upande gani wa kibanda. Zamani ningesema hewani "wanaishi katika hali mbaya" na kuendelea. Mhariri wangu, ambaye si mtu wa kusifu, aliniuliza siku moja kwa nini ripoti zangu zimekuwa na vitu ndani yake.

Picha iliyotoka vizuri kupita kiasi

Mwezi wa nane tulikuwa na habari kuhusu watoto wanaochota maji saa za shule. Niliandika maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kuandika. Nayatoa hapa kutoka kwenye daftari: mtoto wa kiume wa miaka 6 hivi, anaonekana kutoka upande, uso umegeukia kidogo kwetu, amevaa sweta ya kijani iliyotoboka kiwikoni, miguu peku, amekumbatia bidoni ndogo ya njano, anatembea juu ya mawe meusi kati ya mistari miwili ya vibanda vya turubai nyeupe, asubuhi, ukungu, picha ya kamera ya mwandishi wa habari.

Ikatoka. Nilikaa kimya mbele ya simu. Nilihesabu vidole, vilikuwa vitano. Mawe yalikuwa mawe yetu. Nilijivunia kazi yangu, siwafichi. Chini ya habari niliandika kwa herufi ndogo kwamba picha imetengenezwa na kompyuta.

Herufi zile ndogo hazikusafiri. Mtu fulani alichukua picha peke yake akaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu waliotoka Masisi. Mwingine akaongeza maneno: "Mtoto huyu ametengana na wazazi wake, tumieni wengine." Sijui alikuwa nani, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Labda alitaka kusaidia. Katika siku nne picha ilinirudia mara tatu kutoka kwa watu wasiojuana.

Siku ya tano mlinzi wa lango aliniita. Kulikuwa na mama aliyetoka Bulengo kwa miguu, ameshika simu ya jirani yake. Sitataja jina lake. Aliniruhusu kusimulia haya kwa sharti hilo.

"Mwana wangu," aliniuliza, "uyu mutoto mulimupiga foto wapi?"

Walikuwa wametengana njiani mwezi wa pili, watu walipokuwa wanakimbia usiku kuelekea Goma. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mzigo kichwani. Mvulana alikuwa ameshika kikwembe chake, kisha hakuwa ameshika tena. Wakati ule alikuwa na miaka mitano. Mama alinionyesha sweta kwenye picha, akasema ni yeye aliyeinunua sokoni. Akasema hata kukumbatia bidoni ni namna yake, sababu hakupenda kubeba kichwani.

Nimesoma hewani habari za vifo vingi. Sijawahi kukosa maneno kama siku ile, nilipopaswa kumwambia mama kwamba mtoto anayemwona hajazaliwa. Nilimweleza polepole kwamba hakuna mtu aliyepigwa picha, kwamba mimi niliandika maneno na mashine ikachora. Alinitazama, akarudi kutazama simu.

"Lakini njo yeye," akasema.

Kisha akauliza niliandika nini. Nilileta daftari nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akasema: "Sasa andikia iyo mashine mutoto wangu. Nitakuambia vyote. Itoe sura yake, sina foto yake hata moja."

Nilikataa. Nilimweleza kwamba mashine haimjui mwanawe. Kwa maneno yaleyale, ukibonyeza mara nne inatoa watoto wanne tofauti. Tukimchagua mmoja na kusambaza uso wake, watu watamtafuta mtoto ambaye hayuko, na yule wa kweli atapita mbele yao wasimtambue. Kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia: kwamba akiutazama uso ule kila siku, mwisho utachukua nafasi ya uso anaoukumbuka.

Aliniuliza, "Sasa iko na kazi gani, iyo mashine?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Hata leo kuna siku najiuliza kama nilimnyima kitu kidogo cha kushika mkononi. Lakini ningeulizwa tena, ningekataa tena.

Tangazo

Tulichoweza kufanya ni kile ambacho redio imefanya siku zote: tangazo la kutafutana. Niligeuza ukurasa wa daftari, nikamwomba anieleze mwanawe.

Alianza kama wazazi wote wanavyoanza: mtoto mzuri, mtulivu, ana heshima. Nikamuuliza kama nilivyozoea kujiuliza mbele ya mashine: mtu akikutana naye njiani ataona nini? Hapo yakaja mambo. Jino moja la mbele limevunjika nusu. Ana kovu la kuungua kutokana na sufuria ya maharagi. Akiogopa hasemi, anavuta sikio lake.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo mashine haina haja nalo: mtu akimwuliza jina la mama yake, atajibu nini? Akafikiri. Akasema hatalijua jina lililoandikwa kwenye kadi yangu. Atasema "Mama" na jina la dada yake mkubwa, sababu kijijini wote wananiita hivyo. Na kijiji hatakitaja kwa jina la ramani, atataja jina la mto wanapochota maji.

Wasikilizaji, kama nisingeuliza, ningesoma tangazo lenye jina la kadi na jina la ramani, majina mawili ambayo mtoto huyo hayajui. Angeweza kuwa ameketi karibu na redio na asisikie kwamba anatafutwa yeye.

Tuliandika sentensi nne. Alama moja hatukuiweka, tuliihifadhi ili mtu akisema amempata aweze kuulizwa. Siku iliyofuata tulimsindikiza kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi ya kutafuta waliotengana na familia zao, bila malipo. Nawakumbusha wote hilo: ni bila malipo. Anayekuomba feza ili akutafutie mtoto, usimpe.

Tulichoamua

Jioni ile tulikaa studio kuzungumza. Tuligundua kwamba wakubwa kuliko sisi walishajikwaa hapohapo. Mwaka 2023 Amnesty International ilitumia picha za mashine katika habari za maandamano ya Colombia ya mwaka 2021. Ilisema ilitaka kulinda nyuso za waandamanaji, sababu ileile tuliyokuwa nayo sisi. Ililaumiwa sana, ikaziondoa. Na mwezi wa tano 2024, picha ya hema zilizopangwa kama herufi, kuhusu mji wa Rafah huko Gaza, ilisambazwa Instagram zaidi ya mara milioni 40. Nayo ilitoka kwenye mashine, wakati huko wapiga picha wa kweli walikuwa wanahatarisha maisha yao.

Tukaweka masharti yetu, na nawapa ninyi vijana mnaouliza.

Kwa habari za watu, hatuombi tena picha inayofanana na ya kamera. Maneno yale ya mwisho katika maelezo yangu, "picha ya kamera ya mwandishi wa habari", ndiyo yaliyomleta mama langoni. Siku hizi naandika "mchoro wa kalamu nyeusi kwenye karatasi, mistari michache, mtu anaonekana kwa mgongo". Mtu yeyote akiuona anajua ni mchoro.

Maneno MCHORO WA KOMPYUTA tunayaweka ndani ya picha yenyewe, sehemu ambayo ukiikata unaharibu picha.

Mtoto peke yake hatumwombi kamwe. Hatuombi maiti, mlipuko wala askari. Hatutengenezi uso wa mtu aliyepotea au aliyekufa, hata familia yake ikituomba.

Wewe fundi cherehani, tumia mashine utakavyo kwa mapambo ya tangazo, lakini usiweke nguo ambayo hujaishona. Mteja atakuja na picha ile mkononi akitaka ileile, na wewe utasimama pale kama nilivyosimama mimi. Ninyi wa kwaya, pambeni karatasi yenu, ila nyuso ziwe zenu.

Na ukipokea picha ya mtoto aliyepotea, kabla ya kuituma kwa wengine tafuta mambo matatu: jina la mahali, tarehe, na mtu wa kumpigia simu anayemjua mtoto. Kama hakuna hata moja, iache kwako.

Kilichobaki

Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma kwenyewe, na katika wiki chache kambi nyingi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Familia zilitawanyika, nyingine Masisi, nyingine Rutshuru, nyingine kwa ndugu humu mjini, nyingine mbali zaidi. Nilipita Bulengo baadaye. Nilikuta mawe meusi, vipande vya turubai, na mahali pa jiko hapa na pale.

Siku ile nilifikiri juu ya picha zetu za zamani, zile za miguu na sufuria nilizokuwa nimezichoka. Zilipigwa pale. Sufuria ile ilikuwa ya mtu. Kesho mtoto akiuliza mahali alipoishi miaka yake miwili, au mtu akikana kwamba watu waliwahi kuishi pale, picha hizo ndizo zitakazojibu. Picha yangu ya mvulana wa sweta ya kijani haiwezi kujibu lolote, hata kama mawe yake yanafanana na yetu. Bado inazunguka. Mwezi uliopita niliiona tena, safari hii wameiandikia jina la nchi nyingine.

Kwa hiyo vijana wangu, jifunzeni kuandika. Daftari liwe nanyi, tazameni vizuri, tajeni vitu kwa majina na maumbo yake. Ujuzi huo utawafaa kwa mashine, na utawafaa zaidi siku mtakapopaswa kumweleza mtu wenu kwa wageni.

Mwenye habari ya mtu aliyepotezana na wake, atutumie sauti kwa namba ya kawaida ya redio, au amwagize shefu wa mtaa atufikishie. Tangazo la mama yule bado tunalisoma kila Jumamosi baada ya habari za asubuhi. Ni sentensi nne, na jina la dada mkubwa liko ndani yake.

Mubaki salama.